Nani Atawafundisha Watoto Hawa? Safari ya Mwalimu wa Elimu Maalumu, Kutoka Madina Hadi Kyambogo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Makala ya leo imetokana na swali la binti mmoja wa hapa kwetu Wandegeya. Amesoma madrasa yetu tangu akiwa mdogo wa juzuu ya Amma, na sasa amemaliza S.6. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinisubiri nje ya darasa, akaniambia, "Ustadhi, nataka kwenda Kyambogo kusomea ualimu wa elimu maalumu, nifundishe watoto viziwi. Baba hataki. Amesema nikuulize wewe, na utakalosema atalifikiria."

Baba yake ni Haji mmoja mwenye duka, mtu mwema, na anayeipenda elimu kuliko wengi wetu. Jioni ile ile alinikuta msikitini baada ya Magharibi. Akasema, "Ustadhi, Makerere iko hapa mlangoni. Tukiamka tunaiona. Nimedunduliza miaka yote hii ili mtoto akasome sheria au uhasibu. Sasa anataka kwenda kufundisha bakasiru? Hiyo si kazi ya mtu aliyekosa kazi?"

Wasomaji wetu wa Kampala wanalijua neno hilo. Kiziwi kwa Kiganda ni kiggala, lakini mitaani wengi husema kasiru, na ndani ya neno hilo mna maana ya mtu asiye na akili. Yaani mtoto hajafungua mdomo, jina limeshamhukumu. Hata Kiswahili chetu hakijasalimika: tunasema "bubu" kwa mtu ambaye pengine ana mengi ya kusema kuliko sisi, ila hatujui kumsikiliza.

Sikumjibu Haji papo hapo. Nilimwomba anipe wiki moja. Sababu ya kwanza ni kwamba niliona aibu kusema neno juu ya kazi ambayo sikuijua imetoka wapi. Sababu ya pili nitaieleza mbele. Haya yanayofuata ndiyo niliyomsomea baada ya wiki ile, na nimeyaandika ili na wazazi wengine wayasome.

Sote tunaanzia kwa Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.), na ni haki tuanzie hapo. Mtume (S.A.W.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitarajia kwamba wakisilimu wao, watu wao watawafuata. Akaja kipofu huyu, akaingilia mazungumzo, akiomba afundishwe. Mtume akakunja uso. Ibn Umm Maktum hakuuona uso ule, wala hakuna aliyemlalamikia. Lakini wahyi ulishuka, na sura nzima, ya 80, ikaitwa kwa tendo lile: 'Abasa. Waalimu wengi tunapoifundisha sura hii husimama kwenye adabu ya kumheshimu mlemavu. Ni kweli, lakini tuangalie jambo lenyewe lilikuwa nini. Yule mtu hakuja kuomba sadaka wala kuombewa dua. Alikuja kusoma. Na alipewa nafasi yake ya mwanafunzi, kisha akapewa kazi: akawa muadhini wa adhana ya Alfajiri pamoja na Bilal (R.A.), na zaidi ya mara moja Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina kwa safari alimwacha yeye asimamie mji na kuswalisha watu.

Baada yake wapo wengi. Ata ibn Abi Rabah, aliyefariki mwaka 114 Hijria, alikuwa kilema wa mguu na mwenye jicho moja, na mwishowe akapofuka kabisa. Huyo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, watu wakitoka pande zote kumuuliza habari za Hija. Qatada wa Basra alizaliwa kipofu, na leo ukifungua kitabu chochote kikubwa cha tafsiri utalikuta jina lake karibu kila ukurasa. Imamu Shatibi, aliyezaliwa Andalusi mwaka 538 Hijria na kufariki Cairo mwaka 590, alikuwa kipofu, na utenzi wake wa beti 1,173 juu ya visomo saba vya Qur'ani ndio wanafunzi wa qiraa wanaouhifadhi mpaka leo. Katika zama zetu, Taha Hussein aliyepofuka utotoni alipitia Al-Azhar na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa Misri, na Sheikh Abdulaziz ibn Baz akawa mufti mkuu wa Saudia kuanzia 1993 mpaka alipofariki mwaka 1999.

Hapo Haji alinikatiza. "Basi Ustadhi, kumbe sisi Waislamu hili tulilimaliza zamani."

Hapana, hatukulimaliza. Ndugu zangu, hesabuni tena majina niliyoyataja. Wote ni vipofu, na hakuna kiziwi hata mmoja. Nilikaa na jambo hili siku mbili nzima, na nadhani sababu iko katika namna yetu ya kufundisha. Elimu yetu huingia kwa sikio. Mwalimu husoma, mtoto hufuatisha, mwalimu husahihisha, mtoto hurudia mpaka imekaa kifuani. Hiyo ndiyo talqini, na ndivyo Qur'ani ilivyotufikia. Kipofu katika darasa kama hilo hapungukiwi na kitu kikubwa, na mara nyingine huwashinda wenye macho kwa sababu hababaishwi. Lakini mtoto asiyesikia, ukimketisha mkekani na wenzake thelathini wanaosoma kwa sauti, umemketisha nje ya ukuta.

Cha ajabu ni kwamba mafakihi wetu walimkumbuka. Walijadili kwa urefu ishara za mtu asiyesema: je, anaweza kuoa kwa ishara, kutaliki, kuuza, kukiri deni? Na wengi wakasema ndiyo, maadamu ishara zake zinajulikana. Majalla, sheria ya madai iliyoandikwa na dola ya Uthmaniya katika miaka ya 1869 hadi 1876, imeiweka kanuni hiyo miongoni mwa kanuni zake za mwanzo: ishara za bubu zinazoeleweka zinasimama mahali pa maneno ya ulimi. Katika kasri la masultani wa Istanbul walikuwako watumishi viziwi kwa mamia ya miaka, na lugha yao ya mikono ilitumiwa mpaka na masultani wenyewe, maana kupiga kelele mbele ya sultani ilikuwa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kadhi aliitambua ishara, na sultani akaitumia. Mwalimu wa chuo ndiye aliyebaki asiijue.

Nitoe mfano mwingine, kwa sababu huwa tunajisifu nao bila kuufikiria. Mwanachuoni Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliandika kitabu kizima cha wasifu wa vipofu mashuhuri. Humo anamtaja Zaynuddin al-Amidi, kipofu wa Baghdad aliyekuwa akiuza vitabu. Al-Amidi alikuwa akisokota karatasi nyembamba, akiipinda kwa umbo la herufi za kuhesabia, akiibandika ndani ya jalada na kuifunika kwa karatasi nyingine, ili baadaye akipapasa kwa kidole aijue bei ya kila kitabu. Hii ni karne tano kabla ya Mfaransa Louis Braille kuchapisha maandishi yake ya nukta nundu mwaka 1829. Nimesikia mihadhara ambamo watu hupiga takbira wakifika hapo. Mimi naona huzuni. Ujuzi wa al-Amidi ulibaki katika duka lake. Braille mwenyewe alikuwa mwanafunzi, kisha mwalimu, katika shule ya vipofu ya Paris iliyoanzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785, na kwa sababu palikuwa na shule na walimu, nukta zake zilitoka Paris zikazunguka dunia mpaka zikafika Soroti. Al-Amidi alikuwa na akili ile ile. Alichokosa ni mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wasioona.

Sasa turudi kwetu Uganda.

Elimu ya vipofu hapa ilianza kupangwa wakati wa gavana Andrew Cohen, aliyekuwepo kuanzia 1952 hadi 1957. Watu wa Buganda humkumbuka kwa jambo jingine, kwamba ndiye aliyemhamishia Kabaka Mutesa II Uingereza mwaka 1953, na hawajamsamehe. Lakini ni yeye pia aliyelikaribisha shirika la vipofu la Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa mwaka 1950 na John Wilson, ambaye mwenyewe alipofuka akiwa na miaka 12 baada ya mlipuko katika somo la kemia shuleni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 Wakatoliki walifungua shule ya vipofu Madera, karibu na Soroti. Wamisionari walitangulia, na tuwape haki yao.

Upande wa viziwi kuna jina ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Wanaosimulia historia ya viziwi wa Uganda humtaja Sherali Bandali Jaffer, mfanyabiashara wa Kampala wa jamaa ya Ismailia, aliyekuwa na watoto viziwi nyumbani kwake. Hakukubali wakae tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenzake waliunda chama cha kuwasaidia viziwi, na mwaka 1959 darasa la kwanza likafunguliwa Mengo. Kutokana na mwanzo huo tukapata shule ya viziwi ambayo leo iko Ntinda. Ya Ngora, huko Teso, ilifuata mwaka 1969. Mzazi mmoja aliyekataa kumficha mtoto ndiye aliyeanzisha. Wahindi walipofukuzwa nchini mwaka 1972, kwa amri ya siku 90, wengi waliacha maduka na nyumba, na watu bado wanazungumzia maduka na nyumba. Shule hii huwa haitajwi katika hesabu hiyo.

Hata hivyo shule zile za mwanzo hazikuwa raha tupu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa Ulaya walikutana Milan wakapitisha kwamba kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kulazimishwa kutamka, na lugha ya mikono iachwe. Kati ya waliopiga kura viziwi walikuwa kama hawapo. Uamuzi huo ulizitawala shule kwa takriban miaka mia moja, na ulifika Afrika ukiwa ndani ya mizigo ya walimu. Watoto wetu walifundishwa kwa njia hiyo, wakifukuzia midomo ya mwalimu siku nzima. Usiku bwenini, mwalimu akishaondoka, mikono ilikuwa ikizungumza. Lugha ya alama ya Uganda ilikuzwa na watoto wenyewe, na ni mwishoni mwa miaka ya 1980 tu ndipo shule zilipoanza kuiruhusu darasani. Viziwi wenyewe walikuwa na chama chao cha kitaifa tangu 1973, na juhudi zao zilizaa matunda katika Katiba ya 1995, ambayo inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Nchi zilizokuwa na jambo hilo katika katiba wakati ule zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mwaka uliofuata kiziwi, Mheshimiwa Alex Ndeezi, akaingia Bungeni.

Lakini katiba haifundishi mtoto kusoma. Hilo lilionekana mwaka 1997, serikali ilipoanza elimu ya msingi bila ada. Mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia, na mwenye ulemavu alitakiwa apewe nafasi ya kwanza. Kabla ya hapo shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao milioni 3. Mwaka ule walipita milioni 5. Wengi wetu wenye miaka arobaini na kitu tunakumbuka madarasa yale, wengine chini ya mwembe, watoto mia na zaidi kwa mwalimu mmoja. Katika mia ile alikuwemo asiyesikia na asiyeona vizuri, na yule ambaye herufi humgeukia. Milango ilikuwa wazi, lakini mwalimu hakuwahi kufundishwa la kufanya. Mtoto alikaa nyuma, akanakili asichokielewa, akarudia darasa, mwishowe akabaki nyumbani. Mzazi akasema, si mnaona, hawezi kusoma.

Hapa ndipo Kyambogo inapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeanza kozi ya walimu wa elimu maalumu pale Kyambogo, na Tume ya Profesa William Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1989, ikaipa elimu hiyo nafasi katika mipango ya nchi. Kozi ile ikakua ikawa taasisi ya taifa ya elimu maalumu, iliyojulikana kwa kifupi kama UNISE, kwa msaada mkubwa wa Denmark. Katika miaka ya 1990 walimu wake walisambazwa wilayani kuwapima watoto: huyu hasikii kwa sikio gani, huyu anahitaji miwani tu, huyu akili yake ni nzima ila mikono haimtii. Msishangae nikisema wako watoto waliokuwa wakiitwa wajinga kwa miaka, kumbe walihitaji kukalishwa mstari wa mbele. Mwaka 2003 UNISE iliunganishwa na chuo cha ualimu na chuo cha ufundi vilivyokuwa kilima kile kile, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Majirani zetu walikwenda njia inayofanana: Kenya ilianzisha taasisi yake, KISE, mwaka 1986, na Tanzania ina chuo cha Patandi, Arusha.

Nilimweleza Haji kinachosomwa pale, maana alidhani ni kujifunza kuwa mpole. Upole ni mzuri lakini hausomeshi. Wanajifunza lugha ya alama, ambayo ina sarufi yake na si Kiingereza kilichopigwa picha kwa vidole. Wanajifunza kusoma na kuandika nukta nundu, na kumfundisha asiyeona kutembea na fimbo bila kushikwa mkono. Wanajifunza kulivunja somo vipande vidogo kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, kumwelewa mwenye usonji ambaye kelele humtesa, na kuzungumza na mzazi aliyekata tamaa. Wanajifunza kupima na kuandika maendeleo ya mtoto mmoja mmoja. Haji aliniangalia akasema, "Kumbe ni taaluma." Nikamwambia ni taaluma, na kwa sera ya walimu ya mwaka 2019 serikali inataka kila mwalimu awe na shahada, basi bintiye hatabaki nyuma ya wenzake kwa cheti.

Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo nililiogopa tangu mwanzo. "Wewe Ustadhi, katika madrasa yako wako wangapi?"

Sasa nieleze ile sababu ya pili. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika kazi hii, mama mmoja alikuja na mtoto wake wa kiume wa miaka kama minane. Alikuwa amemvalisha kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia mpya. Mtoto alikuwa kiziwi. Mama akasema, "Shehe, huyu nyumbani huswali nyuma ya baba yake. Anainama tukiinama. Mfundisheni angalau ajue anamwabudu nani." Nami nilimjibu kwa fiqhi. Nilimwambia Allah hamkalifishi mja asichokiweza, na mtoto kama huyu kalamu imeinuliwa juu yake, basi asihangaike. Nilidhani ninampunguzia mzigo. Yule mama alinishukuru, akamshika mtoto mkono, akaondoka. Mtoto aligeuka akawatazama wenzake waliokuwa wakisoma, akaanza kuchezesha midomo kama wao.

Huruma ya Allah niliifanya kufuli la mlango. Kanuni ile imewekwa ili mja asilaumiwe kwa asichokiweza. Yule mtoto hakuwa ameshindwa kitu, maana hakujaribiwa. Asiyeweza alikuwa mimi, na nilimbebesha yeye. Sikumwona tena. Walikuwa wapangaji upande wa Katanga, na hapo watu huhama.

Kwa hiyo nilimjibu Haji, "Hakuna hata mmoja." Na sensa ya 2014 iliona kwamba zaidi ya watu 12 katika kila 100 nchini, kuanzia umri wa miaka miwili, wana shida fulani ya kuona, kusikia, kutembea au kukumbuka, hata kama wengine ni nyepesi. Wandegeya haikusamehewa hesabu hiyo. Wako majumbani mwetu. Tunawaona siku ya Idi, wakiwa wamevaa vizuri, kisha tunawarudisha ndani.

Haji alisema kwamba kazi hii waachiwe wenye shule zao, wana fedha na wafadhili. Nikamkumbusha jambo ambalo baba yake mwenyewe alikuwa akituhadithia. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu akitaka kuingia aliombwa abadili jina, mara nyingine abadili na dini. Wazee wengi wakaona afadhali mtoto asisome. Ndiyo maana vizazi viwili vya Waislamu wa Uganda vilijulikana kwa bucha na udereva. Si kwamba akili hazikuwepo. Shule haikuwa imejengwa kwa kuwafikiria wao. Mpaka miaka ya 1940, Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake walipounda jumuiya ya elimu ya Waislamu, ardhi ya Kibuli ikatolewa, shule zikajengwa, na kikaanzishwa chuo cha kufundisha walimu, maana waliona majengo bila walimu wetu wenyewe ni ghala. Vijana wa mwanzo waliokwenda kusomea ualimu Kibuli nao walichekwa. Waliambiwa dereva wa lori analipwa zaidi, na ilikuwa kweli.

Sisi basi tunajua ni nini kusimama nje ya darasa ambalo halikukutarajia. Nilipofika hapo Haji aliinamisha kichwa, na sikuongeza.

Sitaki kuwadanganya vijana wanaosoma haya kwamba njia ni laini. Darasa la watoto wanane wenye mahitaji tofauti linachosha kuliko la watoto themanini. Vifaa ni ghali. Mashine ya kuandikia nukta nundu na karatasi zake nzito hazipatikani katika duka la vitabu la hapa Wandegeya. Shule nyingi humpokea mwalimu wa elimu maalumu kisha humpa hisabati ya P.5 kwa kuwa kuna upungufu. Na maendeleo ya mtoto mmoja yanaweza kuwa ni kufunga vifungo vya shati baada ya miezi sita. Anayependa kusifiwa haraka atafute kazi nyingine.

Binti yule nilimuuliza mbele ya baba yake kwa nini hasa anataka. Nilitegemea jibu la thawabu, kama tunavyowafundisha kujibu. Alisema kwamba shuleni kwake walikuwa na mwanafunzi kiziwi, na katika mapumziko alijifunza kwake alama kidogo kidogo kwa udadisi tu. Siku moja wakiwa peke yao yule rafiki akamuuliza kwa mikono: mkiwa msikitini mnainamisha vichwa, yule shehe huwa anasema nini? "Nilijua maneno, Ustadhi," akasema, "lakini sikujua alama zake. Nikamwambia nitakuja kukueleza. Mpaka leo sijamweleza."

Haji hajasema ndiyo. Ameuliza ada ya Kyambogo ni kiasi gani kwa muhula na nauli ya taksi kutoka hapa hadi Banda kila siku, na mwenye kuuliza nauli hajakataa. Sisi hapa madrasa, tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi baada ya Alasiri binti huyo anatufundisha waalimu watatu herufi za vidole. Nina miaka arobaini na kitu na vidole vyangu ni vizito. Herufi zingine nazichanganya, watoto wanacheka mlangoni. Tumefika kwenye alama ya maji, ya mkono na ya uso, kwa ajili ya kufundisha udhu.

Mzazi yeyote wa Wandegeya, Katanga, Mulago, Kikoni au Bwaise mwenye mtoto asiyesikia, aje naye Jumamosi. Na yule mama wa kanzu nyeupe, kama makala hii itamfikia kwa mkono wa mtu yeyote, mwanawe sasa ni mtu mzima. Namwomba aje naye pia.

Wabillahi tawfiq.